Waya Hauchagui Saa Nne

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na kama inawezekana unijibu kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi kuna kikao, na katika kikao hicho mtu atafukuzwa kazi kwa kosa ambalo najua si lake, na mimi ndiye nitakayekalishwa kwenye kiti cha mtaalamu niulizwe mbele ya wakubwa, "Haya, wewe unasemaje?"

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, nimeolewa, nina watoto wawili, na kazi yangu ni kutunza sava ya hospitali, ile kompyuta kubwa inayokaa peke yake kwenye chumba cha baridi mwisho wa korido na kutunza majalada yote ya wagonjwa, nani ameandikishwa leo, nani amelazwa kitanda gani, nani hapatani na dawa gani, kiasi kwamba ikisimama hiyo basi hospitali nzima inarudi kwenye vikaratasi na kupigiana kelele. Nafasi hiyo niliisikia kwa mama mkwe wangu, ambaye ni mkuu wa masjala hapo hapo hospitalini, ana miaka thelathini na moja kazini na mwisho wa mwaka anastaafu, na tangu niolewe hajawahi kuniita kwa jina, huniita "mwanangu", kwa hiyo haya nitakayoyasema naomba usinielewe vibaya, mimi yule mama nampenda.

Sasa kisa chenyewe ni hiki. Miezi miwili iliyopita sava ilianza kusimama, na haikusimama ovyo, ilikuwa ikisimama karibu kila siku ya kazi kwenye saa nne asubuhi, mara saa nne na dakika tano, mara na dakika ishirini, kwanza dirisha la kuandikisha wagonjwa linaganda, halafu maabara, halafu wodi zote, halafu simu yangu inaanza kulia, "Mama Washa, mfumo umegoma tena," nami nakimbia na funguo zangu, nazima, nawasha, baada ya dakika tano mambo yanarudi na watu wananipigia makofi koridoni, na hilo jina la Mama Washa ndipo nilipolipata, na sitakuficha mshauri, nililipenda.

Lakini kila nikizima, aliyekuwa katikati ya kuandika anapoteza alichoandika. Siku moja muuguzi wa wodi ya watoto alikuwa anaandika onyo kwamba mtoto fulani asipewe sindano fulani, nikazima, onyo likapotea, na bahati tu ilikuwa kwamba yule muuguzi alikumbuka na kumwambia mwenzake kwa mdomo wakati wa kukabidhiana zamu, nami siku hiyo sikuweza kula.

Lawama zote alibebeshwa fundi wa nyaya, tunamwita Bwana Waya, mtu mpole, kila waya anaoufunga anauzungushia utepe wa rangi na kuandika namba kwa mkono, kwa sababu wiki ile ile sava ilipoanza kusimama yeye alikuwa ametoboa dari ya korido ya masjala anabadilisha nyaya za zamani. Mkurugenzi alituita akasema, "Kabla huyu hajagusa dari mfumo ulikuwa mzima." Bwana Waya akajibu kwa sauti yake ile ndogo, "Mkurugenzi, waya hauchagui saa nne. Ukikatika umekatika, hata saa nane hauwaki." Watu walicheka, mimi pia nilicheka, akaandikiwa barua ya kukaa nyumbani kupisha uchunguzi.

Na kinachonimaliza ni kwamba tangu akae nyumbani, leo siku ya kumi na moja ya kazi, sava haijasimama hata mara moja. Kila ninayekutana naye ananiambia, "Umeona? Tulisema." Hata mimi nilitaka kuamini.

Ila kwa kuwa kulikuwa na utulivu nikapata nafasi ya kufanya kile ambacho sikuwahi kukifanya kwa kukimbilia kuzima, nikakaa na kusoma ile rekodi ambayo sava hujiandikia yenyewe, kila tukio na saa yake, siku moja baada ya nyingine. Naomba nikueleze taratibu. Mfumo wetu una ukurasa mmoja wa rejesta ya siku, na mtu akiufungua ili aandike, unafungwa kwa wengine wote mpaka ahifadhi, ili mmoja asiandike juu ya kazi ya mwenzake, na dirisha la kuandikisha wagonjwa haliwezi kumwingiza mgonjwa mpya bila ukurasa huo, kwa hiyo ukishikiliwa muda mrefu wanaosubiri wanarundikana nyuma yake mpaka sava inajaa na kukataa kila mtu. Siku ishirini na mbili sava ilisimama, na siku zote ishirini na mbili ukurasa huo ulikuwa umeshikiliwa na kompyuta moja, namba saba. Katika kipindi hicho kuna siku tatu tu ambazo haikusimama, na siku hizo mwenye meza hiyo alikuwa na ruhusa ya kwenda kung'oa jino. Mshauri, kompyuta namba saba iko mezani kwa mama mkwe wangu.

Nilijua mara moja kilichotokea. Enzi za makaratasi, mtu wa masjala akiwa katikati ya rejesta na akataka kuinuka, alikuwa anaweka kalamu katikati ya daftari na kulifunga, maana yake lina mwenyewe, asiguse mtu, na mama alinifundisha hivyo kwa kujivunia nilipoanza kazi. Kila siku kabla ya saa nne anafungua ukurasa, anaanza kuandika walioruhusiwa kwenda nyumbani, anakuta vikaratasi vya wodini havijatimia, basi anauacha wazi hivyo hivyo, anakwenda chai, kisha anazunguka wodini kukusanya vikaratasi, dakika arobaini, akirudi anakuta mfumo umezimwa na kazi yake imepotea, na jioni nyumbani alikuwa analalamika, "Mashine yako imekula kazi yangu tena," nami nacheka. Zamani mfumo ulikuwa unamtoa mtu asipogusa kitu kwa dakika kumi, ila kikomo hicho kiliondolewa kwenye wiki ile ile ya nyaya kutokana na malalamiko ya masjala, kwa hiyo siku hizi ukurasa unaweza kushikiliwa hata mchana kutwa.

Na sababu ya utulivu huu ni kwamba wiki hizi mbili mama anasema mguu unamsumbua, haendi tena chumba cha chai, analetewa kikombe mezani na vikaratasi anatuma watu, kwa hiyo ukurasa hauachi wazi. Tunaishi naye ghorofa ya tatu, jengo halina lifti, na jioni tunapanda wote, yeye ananitangulia na mfuko wa viazi mkononi. Amekuwa mkimya siku hizi, hata ile lawama ya mashine kula kazi yake hasemi tena. Jumapili tukiwa tunaosha vyombo aliniuliza, "Mwanangu, yule kijana wa nyaya ana watoto wangapi?" Nikamwambia watatu. Akachukua sahani akaendelea kuzifuta.

Nilimweleza mume wangu yote. Akasema, "Huyo ni mama. Bado miezi minane astaafu, wewe unataka aondoke kwa aibu? Fundi ana mikono yake, atapata kazi kwingine. Funga mdomo." Nikinyamaza, mtu asiye na hatia anafukuzwa, na mguu wa mama ukipona sava itasimama tena. Nikisema, namvua nguo mzee wangu mbele ya watu aliowaongoza miaka thelathini na moja. Nina sava ndogo ya majaribio, naweza kuthibitisha kila kitu kwa dakika chache, ujuzi ninao, kinachonishinda ni mdomo. Nifanye nini?

Ni mimi, Mama Washa.

* * *

Mama Washa, marahaba.

Barua yako nimeitanguliza mbele ya barua za wanawake watatu wenye waume wakorofi na bwana mmoja anayemlilia mke aliyemfukuza mwenyewe. Wakorofi watakuwepo hata wiki ijayo. Alhamisi haitangoji.

Pole kwa mzigo, na pole yenyewe iishie hapo, maana nina mengi ya kukuambia na hutayapenda yote.

Mimi sava sijui hata ina rangi gani. Lakini niliwahi kupanga kwenye nyumba ya familia sita na choo kimoja, kwa hiyo shida yako nimeielewa vizuri sana. Kuna mtu kafunga choo kwa kufuli, kaondoka na ufunguo, foleni imefika barabarani. Wewe unakuja mbio na shoka, unavunja mlango, watu wanapiga makofi, unaweka mlango mpya, na kesho yake saa nne shoka tena. Siku ishirini na mbili hukuwahi kuuliza ufunguo anao nani. Ulikuwa na rekodi yote humo ndani, imejiandika yenyewe na saa zake, hukuisoma mpaka mwenzio alipokwisha kupewa barua. Makofi matamu, najua. Lakini mtoto wa watu alikaribia kuchomwa sindano isiyo yake kwa ajili ya makofi hayo, na hilo unalijua, ndiyo maana hukula.

Aliyefanya kazi yako siku ile ni yule mliyemcheka. Waya hauchagui saa nne. Kitu kinachoharibika kwa saa maalumu kinafuata ratiba, na wenye ratiba ni watu. Bwana Waya alikuonyesha njia kwa maneno manne, wewe ukacheka na wenzako. Na msidanganyike na hizo siku kumi na moja za utulivu. Fundi kaondoka na mama kakaa mezani wiki ile ile, mkurugenzi kaona la fundi tu kwa sababu ndilo alilolitaka.

Sasa tuingie ndani. Barua yako nimeisoma mara tatu, kama wewe ulivyosoma rekodi ya sava yako, na kuna mahali umepita haraka ukidhani sitaona. Unasema kikomo cha dakika kumi "kiliondolewa". Kilijiondoa? Kilipata mchumba kikaondoka? Mama mkwe wako hajui kuingia kwenye sava. Mkurugenzi hajui. Bwana Waya alikuwa darini. Mwenye funguo za chumba cha baridi ni mmoja, na ndiye aliyeniandikia. Mama alilalamika kwamba mashine inamtoa, ukaona utamfurahisha, ukaondoa kikomo, hukumwambia mtu wala hukukiandika popote. Kama ungekiandika, siku ya kwanza tu sava iliposimama ungefungua daftari ukaona, na habari ingeishia hapo.

Kwa hiyo acha kuniuliza kama umtaje mama. Swali lako halisi ni kama utajitaja wewe. Kuweka kalamu katikati ya daftari si kosa, ni adabu ya kazi, na mama wa watu ameitunza miaka thelathini na moja. Wa kujua kwamba mashine haielewi kalamu ni wewe uliyesomea. Umekuja kwangu umejifunika kwa heshima ya mzee, na chini ya shuka ulikuwa unaficha kichwa chako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unafanya kazi hospitali, nisikufundishe hilo.

Lingine. Mguu gani huo unaoshindwa kwenda chumba cha chai lakini unapanda ghorofa tatu na mfuko wa viazi, tena ukikutangulia? Mama yako haumwi mguu. Mama yako anajua. Mtu aliyekaa masjala miaka yote hiyo kazi yake ni kuona nini kimeandikwa karibu na nini. Ameona kila akienda chai mashine inasimama, akajaribu kukaa, haikusimama, akaendelea kukaa. Ndivyo na ninyi mafundi mnavyochunguza, sivyo? Amekutangulia ngazini na amekutangulia na kwenye hili. Na hasemi kwa sababu anajua nani aliondoa kikomo na kwa ajili ya nani. Wewe unamficha yeye, yeye anakuficha wewe, mnapendana kweli kweli, na gharama ya mapenzi yenu analipa mwanamume aliyekaa nyumbani na barua mkononi. Hapo na mama nimemlaumu, umwambie hivyo kwa heshima zote.

Mumeo anasema fundi ana mikono yake. Mwambie mikono hiyo ikifukuzwa hospitali kwa kuangusha mfumo hakuna atakayeipa hata taa ya sebuleni aifunge. Mtu anatoka na jina, na jina lake mnalo ninyi. Anampenda mama yake, namsifu, lakini asimlinde kwa kichwa cha mwenzake.

Haya, kazi. Gazeti hili linatoka leo Jumanne. Jioni mkifika chini ya ngazi, usipande. Hapo hapo, kabla ya mume, watoto na sufuria. Anza na lako: "Mama, kile kikomo nilikiondoa mimi, na sikukiandika." Ukishasema hivyo nyamaza, umwache aseme. Usimweleze mambo ya sava, wala usimtetee kabla hajajishtaki. Atasema mwenyewe.

Kesho asubuhi nenda kwa mkurugenzi na rekodi yako ya siku ishirini na mbili na zile tatu za jino. Mwombe mambo mawili: Bwana Waya aitwe, na saa kumi, foleni ikiisha, wakutane masjala, yeye na mkuu wa wauguzi. Tumia hiyo sava ya majaribio, usithubutu kugusa ya wagonjwa. Mama ndiye akae mbele. Afungue ukurasa, aandike mistari miwili, auache, ainuke aende chai kweli, siyo ya kuigiza. Mkurugenzi mwenyewe ajaribu kuandikisha mgonjwa kwenye meza nyingine na aone ukurasa ukimgomea. Akae hapo asubiri, asikie ladha yake. Halafu rudisha kikomo, mrudie tangu mwanzo, waone ukurasa unavyoachiwa baada ya dakika kumi na foleni inavyopita. Nyaya ni zile zile, za Bwana Waya, na tepe zake za rangi.

Ila kikomo usikirudishe kama kilivyokuwa. Kabla ya kumtoa mtu, mfumo uhifadhi kwanza alichokwisha kuandika, ili akirudi na vikaratasi vyake aendelee alipoishia. Malalamiko ya mama yalikuwa ya haki, ni dawa yako iliyokuwa mbovu. Ukimaliza, andika kwenye daftari: nini kimebadilishwa, lini, kwa nini, na jina lako kamili. Si Mama Washa. Na tangu leo sava ikisimama, kabla ya kugusa kitufe, soma kwanza nani kashika nini. Wakikupigia kelele waache wapige, dakika mbili hazikuui.

Alhamisi usisubiri kuulizwa unasemaje. Kabla muhtasari haujasomwa, inua mkono. Sema kosa ni lako, sema siku ishirini na mbili ulizima na kuwasha bila kusoma ushahidi, sema fundi alikuambia ukweli mbele yao wote nao wakacheka, na umwombe radhi hapo hapo alipochekewa, siyo koridoni. Huenda wakakupa barua ya onyo. Ipokee, uisome, uiweke kwenye jalada lako. Utaishi nayo vizuri kuliko unavyoishi na hii uliyoniandikia.

Na mama asistaafu kwa kujificha nyuma ya mguu mzima. Jumapili alikuuliza yule kijana ana watoto wangapi, ukamjibu watatu. Hakuwa anauliza idadi. Kamjibu leo.